Kusimamia Hifadhidata za Mbali kwa Mstari wa Amri

Hifadhidata ni mkusanyo wa habari uliopangwa kwa utaratibu ili habari yoyote iweze kutafutwa, kuongezwa au kusahihishwa upesi. Daftari la mahudhurio la shule ni hifadhidata ndogo ya karatasi. Siku hizi hifadhidata nyingi hukaa katika kompyuta za kukodi, ndani ya majumba ya makampuni makubwa, na mwenye habari huzifikia kwa njia ya intaneti. Mpango huo huitwa wingu, jina linalowapotosha wengi. Kwa hakika habari hizo haziko angani, bali zimo katika diski, chini ya paa, zikitumia umeme na kupozwa mchana na usiku.

Mtunzaji wa hifadhidata aweza kuisimamia kwa kubonyeza picha zilizo katika skrini. Hata hivyo watunzaji wengi hupendelea mstari wa amri, yaani kuandika maagizo kwa maneno. Maneno machache husafiri vema hata penye mawasiliano hafifu. Na amri iliyoandikwa yaweza kutunzwa, kukaguliwa na mwenzake, kisha kurudiwa kesho bila kubadilika herufi. Tatizo ni kwamba skrini ya mashine moja hufanana na ya nyingine. Tofauti ni jina la mashine lililo mwanzoni mwa mstari, nalo mtu aliyechoka hulipita bila kulisoma.

Yaliyoipata kampuni ya GitLab, inayowahifadhia watunzi wa programu kazi zao, yaeleza jambo hili vizuri, kwa kuwa kampuni yenyewe iliyatangaza bila kuficha. Mwaka 2017 ilikuwa na mashine mbili za hifadhidata katika wingu: ya kwanza ilipokea habari mpya, na ya pili iliinakili ya kwanza. Tarehe 31 Januari kazi ilizidi, ya pili ikaachwa nyuma na unakili ukasimama. Usiku, mhandisi mmoja aliazimia kufuta mafaili yote ya mashine ya pili ili unakili uanze upya. Amri aliyoiandika haikuwa na kosa. Ila aliiandika katika mashine ya kwanza. Aliikatiza baada ya sekunde moja au mbili, lakini kati ya gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimebaki 4.5 tu.

Nakala za akiba je? Programu iliyopaswa kuzifanya kila siku ilikuwa ya PostgreSQL toleo la 9.2, ilhali hifadhidata ilikuwa ya toleo la 9.6, kwa hiyo ilishindwa kila mara. Barua pepe za onyo nazo zilikataliwa njiani kwa kukosa uthibitisho wa mtumaji, na hakuna aliyeziona. Kilichoiokoa kampuni ni nakala iliyokuwa imechukuliwa saa sita hivi kabla, kwa ajili ya majaribio. Huduma ilirejea siku iliyofuata, lakini mabadiliko ya saa hizo sita, yakiwamo ya miradi ipatayo 5,000, yalipotea.

Ndani ya hifadhidata yenyewe kuna kinga. Tuseme mtunzaji ataka kuwaondoa wanafunzi 37 waliomaliza kidato cha nne. Huanza kwa BEGIN, kisha huandika:

DELETE FROM wanafunzi WHERE kidato = 4;

Akisahau sehemu ya WHERE, wanafunzi wote hufutwa. Lakini PostgreSQL hujibu kwa idadi ya mistari iliyofutwa. Akiona 412 badala ya 37, huandika ROLLBACK na yote hurudi. Akiridhika huandika COMMIT. Kinga hii haikuweza kumsaidia mhandisi yule, maana yeye alifuta mafaili kutoka nje ya hifadhidata, kama mtu achomaye kabati badala ya kufuta mstari wa daftari.

Zoezi hili halihitaji wingu. PostgreSQL hupatikana bila malipo, na kompyuta moja yatosha. Mwalimu na watengeneze wanafunzi jedwali dogo, wachukue nakala kwa amri ya pg_dump, walifute jedwali kwa makusudi, kisha walirejeshe kutoka katika nakala hiyo huku mmoja wao akishika saa na kuandika dakika zilizotumika.