Mvuke wa Bafuni Uishie Nje, Si Darini

Mkazi wa Kasense aonapo doa la maji katika dari la bafu mwezi wa Julai, mara nyingi humwita fundi bati. Fundi hupanda, huziba matundu ya misumari, hulipwa, doa hurudi. Mvua za Ufipa hukoma kati ya Aprili na Mei. Maji ya Julai yametoka wapi?

Yametoka bafuni. Sumbawanga iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa kipupwe bati hupoa sana. Feni ya kutolea hewa iliyofungwa bila bomba huvuta mvuke wa maji ya moto na kuumwaga kati ya dari na bati. Hapo mvuke hugeuka matone, kama yale ya chini ya mfuniko wa sufuria. Matone hulowesha jipsamu, hutia misumari kutu na taratibu huozesha mbao za kenchi. Feni haina kosa. Aliyeifunga aliacha kazi nusu.

Kinachotakiwa ni bomba lenye kipenyo cha mdomo wa feni, aghalabu inchi 4, lifikishwe nje ya ukuta au juu ya paa. Liwe fupi na lenye kona chache. Likipita ukutani, liinamishwe kidogo kuelekea nje ili maji yanayojikusanya ndani yatiririke. Sehemu inayopita darini ivishwe kizuia joto, kwa kuwa bomba tupu nalo hutoa jasho. Mdomo wa nje uwekewe kifuniko kinachojifunga feni izimwapo, maana upepo wa uwanda huu ni mkali na ndege hupenda kujenga humo. Bomba lisiishie upenuni, ambako mvuke hurudi ndani. Wala lisiunganishwe na bomba la hewa la shimo la maji taka, lisije likaleta harufu nyumbani.

Feni haiwezi kutoa hewa isiyoingia: uachwe uwazi wa sentimita 2 chini ya mlango, na feni iendelee dakika 15 hadi 20 baada ya kuoga. Asiye na feni afungue dirisha la juu kwa muda huo, hata Juni, mwezi ambao wengi huliziba kwa gunia.

Kabla ya kununua bati jipya, mwenye nyumba apande darini asubuhi ya kiangazi yenye baridi na kupapasa bati kwa ndani. Likiwa limelowa eneo zima juu ya bafu, bati ni zima.