Boksi la Muscat halina gemu ndani

Mdogo wangu wa Makorora, ujumbe wako nimeusoma mpaka mwisho, na pale uliposema "Dada, binamu yangu kaibiwa Muscat" nimecheka, unisamehe. Hakuibiwa. Kanunua boksi la gemu ya kompyuta, zuri, limefungwa nailoni, kalipakia kwenye begi pamoja na halua na manukato ya shangazi. Wewe ukafungua, ukakuta karatasi yenye namba ya kukwangua tu, diski hamna. Maboksi mengi ya gemu za kompyuta ndivyo yalivyo siku hizi.

Hata lenye diski usiliamini haraka. Mwaka 2015 Konami walipotoa Metal Gear Solid V, diski ya kompyuta iliyokuwa ndani ya boksi haikubeba gemu hata chembe. Ilibeba programu ya kuwekea Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, megabaiti 8 hivi. Gemu yenyewe, zaidi ya GB 20, uishushe mwenyewe kwa bando lako. Mwaka huohuo GTA V ilikuja na DVD 7, nikasema hawa angalau wana haya; lakini nazo ukishamaliza kuziingiza zote kwenye mashine, bado unaenda mtandaoni kuomba ruhusa.

Kinachowaponza wengi ni mazoea ya banda la PS. Pale diski ndiyo mali. Ukiichoka unabadilishana na mwenzio wa Chumbageni, anakuongezea elfu kadhaa, mambo yamekwisha. Kwenye kompyuta mambo hayo yalianza kufa zamani. Valve walianzisha Steam mwaka 2003, na mwaka uliofuata wakauza Half-Life 2 madukani, ndani ya boksi kabisa, huku mnunuzi akilazimika kufungua akaunti na kuisajili gemu humo kabla haijawaka. Ikishaingia kwenye akaunti yako, diski ile kwa mtu mwingine haifai kitu. Na namba ya binamu yako ni hivyohivyo: ikitumika mara moja, imekwisha. Kwa hiyo usiipige picha ukaiweka status kuringishia watu. Nakujua.

Wanaonunua machungwa Muheza watanielewa upesi. Unalipia matunda yakiwa bado mtini. Utachuma, hakuna atakayekuita mwizi, lakini mchungwa haujawa wako, na mwenye shamba akiziba njia unabaki kuuangalia kwa mbali. Ubisoft waliziba njia. The Crew, gemu ya magari waliyoitoa 2014, ilikufa tarehe 31 Machi 2024 walipozima seva zake, na mwenye boksi kabatini akakosa sawasawa na aliyeishusha. Ndipo mwanaYouTube Ross Scott akaanzisha kampeni ya Stop Killing Games, yaani acheni kuua gemu. California nako kuna sheria, inayotumika tangu Januari 2025, inayolitaka duka la mtandaoni limweleze mteja waziwazi kwamba anachopata ni leseni.

Sasa basi, kabla hujatoa hela, au hujamwagiza mtu wa Uarabuni, uliza: gemu hii ikitaka kuwaka inamwomba nani ruhusa, na mara ngapi? Ipo inayoomba kila dakika. Mwaka 2010 Assassin's Creed II ya kompyuta ilitoka hivyo. Mtandao ukiyumba, mchezo ulikuwa unasimama. Kwa umeme wetu huu na bando la usiku, ya aina hiyo usiiguse. Ipo inayoomba mwanzo tu: nyingi za Steam ukishaziingiza na kuziwasha ukiwa mtandaoni, unaweza kuhamia hali ya nje ya mtandao ukaendelea kucheza. Na ipo isiyoomba kabisa. Duka la GOG, lililoanzishwa 2008, linakupa faili la kusakinisha; ulihifadhi kwenye hadidiski, fundi akipiga windozi upya unaliweka tena bila kumuuliza mtu. Mimi hela yangu huwa inaelekea huko kwanza, hasa kwa gemu za zamani, maana diski nyingi za enzi zile zilizolindwa kwa kufuli za SafeDisc au SecuROM zimekataa kufanya kazi tangu Windows 10 ilipoingia mwaka 2015.

Kuhusu bando: rafiki aliyeilipia gemu hiyohiyo anaweza kukunakilia folda yake. Steam itakagua mafaili na kushusha kilichopungua tu. Leseni yako, mafaili yake. Hapo hujamwibia mtu.

Uliza na nchi. Mei 2024 Sony walitaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti ya PlayStation. Mtandao wa PlayStation ulikuwepo Oman, lakini Tanzania na Kenya haukuwepo. Watu walipiga kelele mpaka sharti likaondolewa, lakini gemu ilishatolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170. Kinachowaka kwa binamu, kwako kinaweza kugoma.

Na yule fundi anayekuwekea ya kraki kwa buku mbili? Sitakuhubiria, Sheria ya Hakimiliki ya 1999 ipo, isome. Ila akikwambia "zima antivirasi kwanza," funga laptop yako uondoke, hasa kama humo ndimo unamofungulia akaunti ya benki.

Kwako wewe, karatasi kama hujaikwangua, iache. Mwambie binamu atafute risiti, na umtajie jina la gemu ili mwone kwanza kama namba ile inakubali Tanzania.

Mdogo wangu wa Pangani, nimekuweka mwisho kwa sababu lako lina machozi. Mchumba alizinunua gemu zote kwenye akaunti yake, mkawa mnacheza pamoja, sasa uchumba umevunjika na unauliza kama wazee wanaweza kuzidai. Kitu cha kushikika kama cherehani watakurudishia. Gemu hapana: masharti ya Steam hayaruhusu akaunti kuhamishwa wala kugawanywa. Akija mwingine anayetaka kukununulia, mwambie aitume kama zawadi kwenye akaunti yako. Ukishaipokea inakaa kwako hata mkigombana. Zawadi ya kutoka nchi nyingine inaweza kugoma pale bei zinapotofautiana sana, mjue hilo.

Na ile imeli aliyokufungulia mchumba yule, umeshabadilisha neno la siri?