Kuomba Ufadhili Ukiwa Msanii wa Makamo Nairobi

Ukivuka miaka 35, milango mingi ya ufadhili hapa Kenya hufungwa bila kelele. Katiba inamtambua kijana kuwa mtu wa kuanzia miaka 18 ambaye hajafika 35, na miradi mingi ya sanaa hufuata kipimo hicho. Mchoraji wa miaka 44 mwenye studio ya kukodi Kilimani, aliyewahi kuonyesha kazi Alliance Française pale Loita Street na kuuza mbili tatu kupitia galari za Lavington, si chipukizi tena, wala picha zake hazigombewi mnadani.

Kuna mashirika mawili ya New York yanayomfaa mtu huyu. Pollock-Krasner Foundation ilianzishwa mwaka 1985 kwa mali aliyoacha mchoraji Lee Krasner, mjane wa Jackson Pollock. Hupokea wachoraji, wachongaji na wanaofanya kazi kwenye karatasi, wakiwemo wachapaji, kutoka nchi yoyote, na hupima mambo mawili: ubora wa kazi na uhitaji wa pesa. Wapiga picha na wasanii wa video hawamo, wanafunzi pia, na pesa zake hazilipi madeni ya nyuma wala kununua ploti. Adolph and Esther Gottlieb Foundation, ya mwaka 1976, hutaka uwe umefanya kazi iliyokomaa kwa miaka 20. Pia ina msaada wa dharura kwa waliofikisha miaka 10 na kupatwa na moto, mafuriko au ugonjwa. Soma masharti ya mwaka huu kabla ya kuandika neno. HEVA Fund ya hapa Nairobi ni jambo jingine: imejulikana zaidi kwa kukopesha biashara za ubunifu, na mkopo hurudishwa.

Kazi ngumu ni kuthibitisha uhitaji. Sisi tumezoea kuomba kwa mtindo wa harambee: unaeleza masaibu, watu wanaguswa, wanatuma. Anayesoma ombi lako New York hataki kuguswa. Anataka kuona pesa zilizoingia, zilizotoka, na pengo lililobaki. Piga *334# uombe taarifa kamili ya M-PESA ya mwaka mzima, ongeza ya benki, kisha tengeneza jedwali la miezi 12. Ukiuza picha ya shilingi 180,000 mwezi Machi, andika kilichobaki baada ya kamisheni ya galari, gharama ya fremu na usafiri. Kama kuanzia Aprili hadi Agosti hukuuza kitu, weka sufuri tano zifuatane. Usizijaze kwa aibu, maana ndizo zinazokusemea. Kodi ya studio, karo, dawa za mzazi, vibarua vya kufundisha watoto Jumamosi: vyote viingie.

Hapo hapo chungulia ritani zako za KRA. Ukiwa umewasilisha sufuri kwenye iTax miaka yote huku wasifu wako ukijigamba kwa mauzo, makaratasi yako yatabishana yenyewe kwa yenyewe. Rekebisha mapema, msimu wa ritani hufungwa Juni 30.

Kwa barua yenyewe, ukurasa mmoja unatosha. Sema unafanya nini, umekwama wapi, na mwaka mmoja wa nafasi utazaa kazi gani. Kama unachora kwenye mbugu, kitambaa cha gome la mti, kutoka Uganda au mabati ya kuokota, eleza sababu kwa sentensi ya kawaida, ile ambayo ungemwambia jirani wa studio. Lugha ya katalogi, inayosema kazi yako “inahoji” hili na lile, iache; wasomaji wa maombi wameshiba nayo.

Picha za kazi ndizo zitakazotazamwa kwanza. Usipige ndani chini ya taa ya umeme. Mawingu ya Julai ambayo Nairobi nzima huyalalamikia hutoa mwanga mtulivu usio na vivuli: egemeza kazi ukutani nje, simamisha kamera sawa na katikati yake, na ukate pembeni ibaki kazi peke yake. Chagua zilizo ndugu, za miaka ya karibuni. Picha kumi zinazoonekana kuwa za mkono mmoja zinazidi kumi za kuonyesha kwamba unaweza kila kitu.

Kuthibitisha maonyesho ya zamani kuna tabu yake, hasa ikiwa ulionyesha Gallery Watatu pale Standard Street, ambayo haipo tena. Tafuta kadi za mwaliko, katalogi, au habari iliyotoka gazetini. Kumbukumbu za Taifa pale Moi Avenue ni mahali pa kuanzia. Wadhamini wa kukuandikia barua wawe watu waliosimama mbele ya kazi zako, na waombe mapema. Mzee anayeheshimika asiyekumbuka picha yako hata moja ataandika barua baridi.

Bajeti iandike kwa shilingi, kisha uigeuze kuwa dola ukitaja tarehe ya kiwango ulichotumia. Na ukiona mtu anadai “ada ya kuharakisha ombi”, hapo hamna ufadhili.

Jambo la mwisho linawapata wengi mjini hapa: jina. Galari inakujua kwa jina moja la utani, kitambulisho kina matatu, akaunti ina mawili. Taja majina yote kwenye fomu, ulinganishe la benki na la kitambulisho, na uulize tawi lako kama akaunti hiyo hupokea dola kutoka nje, pamoja na msimbo wa SWIFT, kabla hujatuma ombi.