Bahasha ya Mlimani: Somo kuhusu bakshishi na ujira wa wapagazi



Kila mwaka, hasa kuanzia mwezi wa Juni hadi Oktoba, parokia nyingi za Moshi, Hai na Rombo hupokea wageni kutoka parokia rafiki za Ulaya na Marekani. Wageni hao huja kuona kisima, zahanati au madarasa waliyochangia. Hulala siku chache katika nyumba za waumini, na wengi wao hupanda Mlima Kilimanjaro kabla ya kurudi kwao. Somo hili linahusu siku hizo za mlimani, na hasa ile bahasha inayotolewa siku ya mwisho. Tunaomba lisomwe katika kikao cha kamati kabla wageni hawajafika, na wageni wenyewe wapelekewe yaliyomo mapema, wakiwa bado kwao.

Nianze na jambo lililotokea kwetu. Miaka kadhaa iliyopita wageni wanne wa parokia yetu walipanda kwa njia ya Machame, safari ya siku sita. Waliposhuka lango la Mweka waliimbiwa, wakapiga picha, kisha wakamkabidhi kiongozi mkuu bahasha yenye dola 960 kwa ajili ya kundi zima. Walichanga kwa moyo mweupe, na mmoja wao, mwalimu mstaafu, aliniambia kiasi hicho usiku ule tukiwa mezani.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, kijana mmoja wa jumuiya yetu alinifuata chini ya mwembe. Alikuwa mmoja wa wapagazi 14 wa safari ile. "Shikamoo baba," akasema. "Nauliza tu. Wale wageni wetu hawakuridhika na kazi?" Nikamuuliza kwa nini anasema hivyo. Akajibu kwamba kila mpagazi alipewa dola 10, wakaambiwa ndicho wageni walichoacha. Na mshahara wa kampuni walikuwa bado hawajaupata, waliambiwa wasubiri.

Dola 10 mara 14 ni 140. Ninyi wenyewe toeni hesabu ya zilizobaki.

Nakiri kwamba sikumjibu kijana yule siku ile. Kiongozi wa safari naye ni muumini wetu, na mwezi ule ule alikuwa ametoa mchango mkubwa wa bati za paa la kanisa. Nilirudi nyumbani nikazunguka na jambo hilo siku tatu. Siku ya nne nilikwenda kwake. Hakukana. Alisema, "Mzee, mimi kampuni hainipi mshahara wa maana. Bakshishi ndiyo mshahara wangu. Na aliyenipa safari naye anangoja chake, nisipompa, safari ijayo anapewa mwingine." Nilikwenda nikiwa na hasira, nikatoka nikiwa na huzuni.

Hapo ndipo penye mzizi wa somo letu. Kwa asili, bakshishi ni ahsante juu ya kazi iliyokwisha kulipwa. Wazee wetu walikuwa na neno zuri, kifuta jasho, na kila mtu alijua kwamba kifuta jasho huja juu ya ujira, si badala yake. Mlimani mambo haya mawili yamechanganyika. Kampuni inayotaka kumvuta mgeni kwa bei ya chini haiwezi kupunguza ada za hifadhi, maana hizo zimepangwa na serikali. Inachoweza kupunguza ni chakula cha wapagazi, idadi yao na mishahara yao. Kisha mgeni anaambiwa kwamba bakshishi "ni desturi ya lazima", naye bila kujua anafanya kazi ya kumlipia mwajiri mishahara. Mgeni aliyefurahia kuokoa dola mia tatu kwenye bei ya safari ajue kwamba huenda zimetoka mgongoni mwa mtu aliyembebea hema.

Na mgongo huo unabeba kweli. Wapagazi wenyewe hujiita "wagumu", na jina hilo wamelistahili. Kanuni ya hifadhi inasema mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20, mbali na vitu vyake mwenyewe, na mizigo hupimwa langoni. Njia ya Marangu ina vibanda vya kulala wageni. Katika njia ya Machame hakuna, kwa hiyo kila kitu hubebwa: hema, meza, viti, majiko, gesi, chakula, na wakati mwingine hata choo cha kukunja. Kambi ya Barafu iko juu ya mita 4,600, na maji ya kutumia hapo hubebwa kutoka chini. Mgeni huamka kukuta chai ya moto mlangoni mwa hema lake. Aliyeileta mara nyingi amelala wamebanana wengi katika hema moja, na wapo waliokwisha kupoteza maisha kwa baridi katika mlima huu kwa sababu ya nguo duni.

Habari hizi si ngeni. Tangu mwaka 2003 upo mjini Moshi mradi unaoitwa Kilimanjaro Porters Assistance Project. Mradi huo huwaazima wapagazi nguo za mlimani bila malipo, na hufuatilia kampuni zilizokubali kutendea wapagazi haki: mshahara, chakula, uzito wa mzigo, mahali pa kulala, na namna bakshishi inavyogawiwa. Kamati yoyote inayosaidia wageni kuchagua kampuni inaweza kuuliza kwanza kama kampuni hiyo imo katika mpango wao. Ni swali la dakika mbili. Sisi hatukuliuliza.

Maandiko hayakuacha jambo la ujira gizani. Someni pamoja Kumbukumbu la Torati 24:14-15. Sheria ile haimwambii tajiri amwonee huruma kibarua. Inamwamuru amlipe siku ile ile kabla ya jua kuchwa, awe ndugu au mgeni, na sababu inatajwa: ni maskini, na moyo wake wote unaungojea ujira huo. Kisha someni Luka 10:35. Tumezoea kuhubiri juu ya mafuta na divai, tunampita mwenye nyumba ya wageni. Msamaria alimpa dinari mbili, nayo dinari moja ndiyo ujira wa siku wa kibarua katika Mathayo 20. Alimlipa aliyefanya kazi ya kumtunza mgonjwa, akaahidi kulipa kilichozidi atakaporudi. Hakumwambia, "Mungu atakulipa." Ukarimu wake kwa aliyejeruhiwa haukupitia mfukoni mwa mtu mwingine.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana wageni hupenda kuelezwa kwa tarakimu. Tuchukue mfano wa safari ile ile: siku sita, kiongozi mkuu mmoja, wasaidizi wawili, mpishi mmoja na wapagazi 14. Tuseme wageni wamekubaliana kiongozi apate dola 20 kwa siku, kila msaidizi 15, mpishi 12 na kila mpagazi 7. Kiongozi anapata 120, wasaidizi wawili 180, mpishi 72, na wapagazi wote 588, yaani 42 kwa kila mmoja. Jumla ni 960, sawasawa na bahasha yetu, au dola 240 kwa kila mgeni. Viwango hivi ni mfano tu, kila kundi lipange vyake. Lakini angalieni: fedha ilikuwapo. Wageni wetu hawakuwa wachoyo. Kilichokosekana ni utaratibu wa kuifikisha.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Siku ya kwanza langoni wageni waombe kutajiwa majina na kazi ya kila mtu, wahesabu vichwa, waandike. Siku ya mwisho, kabla wapagazi hawajatawanyika, wakusanyike wote, na mgeni mmoja atangaze kwa sauti jumla ya bakshishi na kiasi cha kila cheo. Kama anatangaza kwa Kiingereza, awepo mtu wa kutafsiri ambaye si kiongozi. Kisha kila mtu apewe mkononi mwake. Kiongozi mwaminifu hawezi kuchukia jambo hili, bali litamwondolea maneno. Shilingi ni bora kuliko dola, maana mpagazi akipeleka noti ndogo za dola dukani au benki hubadilishiwa kwa kiwango cha chini, na noti chakavu au za zamani hukataliwa kabisa. Viatu na makoti ya kuacha ni zawadi njema, ila yasihesabiwe kama sehemu ya bakshishi. Koti halilipi ada ya shule.

Mtu atasema kutangaza kunapingana na Mathayo 6, kwamba mkono wa kushoto usijue wa kuume unachofanya. Tulijadili hoja hiyo kwetu kwa muda mrefu. Mwishowe mama mmoja mzee wa kanisa, ambaye kwa kawaida husema machache, aliuliza: "Hiyo ni sadaka au ni deni?" Sadaka toeni sirini. Deni lilipwe mbele ya mashahidi.

Tusiishie mlimani, maana hata nyumbani kwetu lipo la kutazama. Wageni wakiwa parokiani wanapikiwa na akina mama, wanaendeshwa na dereva, wanalindwa na mlinzi wa usiku. Wanaomwona zaidi ni dereva, kwa sababu anajua Kiingereza na yuko nao kutwa. Kwetu dereva aliwahi kupewa na mgeni mmoja dola 100 siku ya kuagana, na akina mama waliokuwa jikoni tangu saa kumi alfajiri wakapewa mkono na picha. Maneno yaliyofuata yalidumu kuliko ziara yenyewe. Mmoja wa akina mama hao aliacha kabisa kuja kupika, na sikuweza kumlaumu. Siku hizi kamati inalipa ujira wa jikoni na wa mlinzi kutoka kwenye bajeti ya ziara kabla wageni hawajaondoka, na wageni wakitaka kushukuru zaidi wanaelezwa ni watu wangapi waliowahudumia, wakiwemo wasioonekana. Wahisani wanaosoma somo hili wasishangae basi wakiona mstari wa "ujira wa wahudumu" katika bajeti. Msiukate.

Kuhusu watoto wa njiani wanaoomba peremende na kalamu nitasema kwa ufupi: msiwape. Mpeni mwalimu mkuu kalamu hizo. Mtoto aliyejifunza kwamba mzungu akipita ni wa kuombwa hataona sababu ya kuwahi darasani msimu wa wageni.

Na kijana wetu? Niliwaandikia wageni nikawaeleza yote, jambo lililonigharimu usingizi, maana niliogopa watavunjika moyo na kuacha kuchangia zahanati. Walijibu kwa masikitiko, wakataka kutuma fedha nyingine kwa wapagazi. Kamati ilikataa, kwa kuwa wangelipa mara mbili na aliyechukua angebaki nazo. Badala yake kiongozi aliitwa akakaa na wapagazi wanane kati ya wale 14, wale tulioweza kuwapata, mbele ya wazee wawili. Alirudisha dola 15 kwa kila mmoja, kwa mafungu matatu. Sita hatukuwapata. Mshahara wa kampuni ulilipwa baada ya miezi miwili, pungufu.

Maswali ya kujadili katika kikao:

Wageni wetu waliopita walipanda na kampuni gani, na nani kati yetu aliichagua? Tulitazama nini zaidi ya bei?

Je, wapo waumini wetu wanaobeba mizigo mlimani? Waiteni kikaoni, waeleze wenyewe wanalipwaje na lini.

Ikiwa anayewanyima wenzake ujira ni mchangiaji mkubwa wa kanisa, kamati itamwendea nani kwanza, na mchango wake tutaufanyaje?