MISS, MRS, AO MS?



Juma hili tuangalie neno dogo linalotangulia jina la mwanamke katika Kiingereza. Ukilikosea, barua yako inamwambia mama wa watu jambo ambalo hukutaka kusema.

Siye tunasoma kwa Kifaransa. Kila mwalimu mwanamke tunamwita "Madame", ameolewa ao hajaolewa. Tukifika katika Kiingereza, tunageuza "Madame" kuwa "Mrs". Kosa ni hapo! "Madame" ni heshima ya mwanamke yeyote mkubwa, lakini "Mrs" inasema wazi: huyu ameolewa.

Shikeni haya:

1. Miss (soma: mis). Ni msichana, ao mwanamke asiyeolewa.

2. Mrs (soma: misizi). Ni mwenye ndoa. Mjane pia anaweza kuendelea nalo.

3. Ms (soma: miz). Ni mwanamke mkubwa, bila kuuliza habari ya ndoa yake. Gazeti moja la Springfield, Marekani, lilipendekeza neno hili mwaka 1901, lakini lilienea miaka ya 1970.

4. Madam. Tunaanza nalo barua kama hatujui jina lake: "Dear Madam".

5. Dr, Professor. Cheo cha masomo ao cha kazi kinashinda yote. Ukikiandika, usiongeze Mrs wala Miss.

Tena, Miss, Mrs na Ms vinakwenda na jina la ukoo: "Ms Smith", si "Ms Mary".

Mtauliza: juu ya nini kujisumbua hivi? Kwa desturi ya Waingereza, "Mrs" linafuatwa na jina la bwana. Lakini kwetu mama akiolewa, kwa kawaida anabaki na jina lake mwenyewe. Ukimwandikia "Mrs" na jina la bwana yake, umempa jina ambalo si lake.

Jina si mchezo. Mama Wangari wa Kenya alipata udaktari wa masomo mwaka 1971, akiwa ameolewa na bwana Mathai. Ndoa ilipovunjika, bwana alidai aache kutumia jina lake. Mama akaongeza herufi "a" moja tu, akawa Maathai. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani kwa jina lile. "Mrs" lingeweza kuondoka pamoja na ndoa, lakini "Professor" hakuna aliyeweza kumnyang'anya.

Basi, ukijua namna mama mwenyewe anavyojiita, mfuate yeye. Kama hujui, andika "Ms". Watani wetu wa Tanzania wana "Bi.", na siye tuna "Mama": tunamwita mwanamke mkubwa hivyo, hata asiyezaa, na hatuulizi kitu.

ZOEZI. Andikeni mwanzo wa barua kwa:
(a) mwalimu Jane Brown, hamjui kama ameolewa;
(b) daktari Ann Hill, mwenye bwana;
(c) mama mkubwa wa ofisi, jina lake hamlijui.

Mkimaliza, badilishaneni daftari na kusahihishana.