Ugonjwa wa Mfereji wa Nyongo

Ini hutengeneza nyongo, nayo hupita katika mifereji midogo hadi utumboni. Saratani ikiziba mfereji huo, macho huwa ya manjano, mkojo mweusi, mwili huwasha.

Mwaka 2012 ilijulikana kwamba wapiga chapa wa kiwanda kimoja cha Osaka, Japani, wengine vijana, walikuwa wamepatwa na saratani hiyo. Walisafisha wino kwa dikloropropani ndani ya chumba kisichoingia hewa ya kutosha. Mwaka 2013 serikali yao ilikubali kuwa ni ugonjwa wa kazini. Dawa hiyo hiyo zamani ilitiwa mashambani kuua minyoo ya udongo, kwa hiyo wa shamba nao wasikilize.

Uvimbe ukiwahiwa, hupasuliwa. Isipowezekana, waganga huweza kuuunguza kwa sindano ya moto. Sasa wanajaribu kuongeza askari wa mwili: chembe za kinga hutolewa, huzidishwa maabara, hurudishwa mwilini. Mabaki ya uvimbe uliounguzwa huweza kuwaonyesha askari adui yao. Lakini bado ni majaribio, tena ya gharama.

Ukienda kupimwa, mtajie mganga dawa unazoshika kazini. Pipa lisilo na jina, ulizeni kwanza.