Udongo Nao Unapumua

Ukitaka kujua kama ng'ombe wako ni mzima, humtazama anavyokula na anavyopumua. Je, udongo wa shamba lako ni mzima? Ndugu mkulima, udongo nao unakula, na udongo nao unapumua.

Ndani ya udongo wamo viumbe hai wengi. Wengine unawaona, kama nyungunyungu na mchwa. Walio wengi hawaonekani kwa macho. Hao ni bakteria na kuvu. Kijiko kimoja cha chai cha udongo mzuri huweza kuwa na bakteria milioni 100, hata bilioni 1.

Viumbe hao hula majani makavu, mizizi iliyokufa na samadi. Vitu hivyo huoza, na chakula kilichomo hupatikana kwa mimea yako. Wengi wao hupumua kama sisi: huvuta oksijeni na kutoa hewa ya ukaa. Basi ukipima pumzi ya udongo, unapima kazi inayofanyika ndani yake.

JARIBIO LA KWANZA: MAJI YA CHOKAA

Fanyeni jaribio hili darasani pamoja na mwalimu. Tafuteni chupa 3 za mdomo mpana zenye vifuniko, vikombe vidogo 3 na chokaa nyeupe mpya.

1. Koroga kijiko 1 cha chokaa katika nusu lita ya maji. Funika usiku kucha. Asubuhi chota maji maangavu ya juu. Angalia: chokaa huchoma macho. Weka mbali na watoto.
2. Chukua konzi 2 za udongo wa shamba, na konzi 2 za udongo wa chini ya miti, mahali pasipolimwa. Ondoa mizizi na wadudu. Udongo wote uwe na unyevu sawa.
3. Tia kila udongo katika chupa yake. Chupa ya tatu iwe tupu. Ndani ya kila chupa simamisha kikombe chenye maji ya chokaa, kwa kipimo sawa. Funga sana, weka kivulini.
4. Tazama kila baada ya saa chache, hadi kesho yake.

Hewa ya ukaa hugeuza maji ya chokaa kuwa meupe. Maji yaliyotangulia kuwa meupe yanaonyesha udongo unaopumua zaidi. Chupa tupu ni ya kulinganishia.

JARIBIO LA PILI: KITAMBAA

Kata vipande 2 sawa vya kitambaa cha pamba tupu, si nailoni. Fukia kimoja shambani na kimoja chini ya miti, sentimita 15 kwenda chini, wakati udongo una unyevu. Weka alama. Fukua baada ya miezi 2. Kilicholiwa zaidi kilikuwa katika udongo wenye kazi zaidi. Kikitoka kizima, huenda udongo ulikuwa mkavu, au ulituama maji, au viumbe hawana chakula.

MVUA ZA KWANZA

Mwaka 1958, mtaalamu H. F. Birch wa kituo cha utafiti cha Muguga, Kenya, alieleza jambo kubwa. Udongo uliokauka ukipata maji, viumbe wake hupumua kwa nguvu kwa siku chache. Wakati huo naitrojeni nyingi, ambayo ni chakula cha mimea, hupatikana. Mvua ikizidi, chakula hicho huzama chini, mbali na mizizi. Hii ni sababu moja ya kupanda mapema.

Lakini usihukumu shamba kwa kipimo kimoja. Udongo uliotiwa samadi jana, au uliolimwa leo, hupumua sana kwa muda tu. Pima kila mwaka, msimu ule ule.

UFANYE NINI?

Usichome mabua. Ukiyachoma, unachoma chakula cha viumbe wako. Yatandaze shambani. Tia samadi iliyooza. Badilisha mazao, panda na kunde. Zuia maji yasichukue udongo wa juu, kwa maana huko ndiko viumbe wengi wanakoishi.

MASWALI

1. Viumbe wa udongo hula nini?
2. Kwa nini chupa moja iliachwa tupu?
3. Kwa nini tusitumie kitambaa cha nailoni?
4. Mabua ya shamba lako yalikwenda wapi mwaka jana? Andika sentensi tatu.